Chupa za Semina

Kazi yangu hapa Goma ni kusoma ajali za watu wengine. Ripoti za asidi, sumu na dawa kali zinafika ofisini, nami naziingiza kwenye kompyuta ili itafute maneno yanayopenda kufuatana. Siku iliponiletea neno "mgeni" ubavuni mwa neno "kuungua", niliiita mbumbumbu. Nilitarajia moto, nilitarajia uzembe. Mgeni ana kosa gani?

Nikazirudia ripoti zenyewe kwa hasira, nikitaka kuiumbua. Niliyeumbuka ni mimi. Mwenye nyumba ametoka, mgeni amefika, na kwetu mgeni haulizwi habari kabla ya kupewa maji. Aliyebaki nyumbani anachukua chupa iliyo karibu. Ndani si maji. Ripoti inayofuata, hivyo hivyo.

Jioni nikaenda kwa mama yangu, Mapendo, kifua mbele, nikamfundishe. Mama anatengeneza sabuni kwa sude, ile dawa inayochubua ngozi. Nilimkuta dada yake mkubwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari la Butembo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Somo langu likabidi lingoje.

"Mupatie mama mukubwa maji," mama akasema kutoka uani. "Iko chini ya meza."

Chini ya meza palikuwa na chupa tatu za maji ya dukani, zote zinafanana. Nikachukua moja, nikamimina kwenye gilasi. Mama mkubwa alikwisha kunyoosha mkono wakati vidole vyangu vilipong'amua kuwa chupa ina uvuguvugu. Nikairudisha gilasi mezani.

"Mama, mu hii chupa muko nini?"

"Ni sude, nimeikoroga na maji sasa hivi, ndiyo maana iko na moto. Maji ni ile ya pembeni. Hapa nyumbani kila mutu anajua."

"Mama mukubwa hajui."

Mama akaingia, akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi kwa utulivu mwingi.

"Na izi chupa, nani ananiletea kila vendredi?"

Ni mimi. Kila Ijumaa, semina yetu ya usalama wa kemikali ikiisha, nakusanya chupa tupu, nampelekea, najiona mtoto mwema kuliko wote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikammiminia mama mkubwa maji ya chupa ya pembeni kwenye gilasi nyingine; alikunywa, akaomba mengine.

Kesho yake niliingiza ripoti mpya: mgeni, chupa, hakuna aliyeungua. Penye nafasi ya chanzo cha hatari niliandika cheo changu.