Amri Niliyoitoa kwa Jina la Kocha

Siku ile bado ninayo nzima kichwani, mwanangu, wala miaka haijaipunguza hata kidogo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya chuo chetu hapa Kisangani, na nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu katika mji huu aliyeuelewa mchezo ule kunishinda. Wewe unanijua mwanamke wa miwani, mwenye filimbi shingoni. Leo nataka umjue yule msichana waliyemwita Furaha tu.

Enzi zile nchi ilikuwa Zaire. Chama kilikuwa kimoja, na kila asubuhi kabla ya masomo tulisimama mbele ya bendera, tukaimba na kupiga makofi. Tuliitana citoyen na citoyenne, yaani raia, badala ya bwana na bibi. Mpira wa kikapu tuliuchezea kwenye uwanja wa saruji nyuma ya mabweni, hauna paa, na saa nane mchana saruji ile ilichoma hata kupitia soli za viatu. Kocha wetu aliitwa citoyen Bolaya, mwalimu wa mazoezi ya viungo, mtu wa mtoni kutoka upande wa Isangi, aliyeishi Lubunga, ng'ambo ya mto. Wakubwa walimwita citoyen. Sisi tulimwita Papa Bolaya, kama baba yetu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akikosolewa aliitikia kwa kichwa, kisha akafanya alichokuwa amekusudia.

Mwaka uliotangulia niliitwa Kinshasa kwa majuma matatu, kufanya mazoezi na wasichana waliochaguliwa kutoka vyuo mbalimbali. Kule niliona jambo lililonipagawisha: kukaba uwanja mzima. Humngoji mpinzani avuke nusu ya uwanja. Unamrukia pale pale anapopokea mpira chini ya kikapu chake, humpi nafasi hata ya kuvuta pumzi. Nilirudi nimevimba kichwa. Nilikuwa nimeuona mpira wa kweli, na huyu mzee wa Lubunga alikuwa bado anatupanga wawili mbele na watatu nyuma, kila mmoja analinda eneo lake.

Basi ikafika mechi ya kutafuta chuo kitakachokwenda Kinshasa kwenye mashindano ya nchi nzima. Wapinzani walikuwa wasichana wa Bukavu. Siku mbili kabla ya mechi, Papa Bolaya alitukusanya akachora uwanja kwa chaki juu ya saruji.

"Hawa batoto ya Bukavu banajua kudunda mpira kutushinda," alisema. "Tukibakimbiza, tutachoka bure. Alors, tunabakia nyuma. Babili mbele, batatu nyuma. Tunabaacha batupe toka mbali. Kila mpira yenye itakosa, Feza ataikamata."

Feza alikuwa ndiye nguzo yetu chini ya kikapu. Alitoka Kasongo, kule Maniema, binti wa familia ya Kiislamu, mrefu, mikono kama makasia. Tulilala chumba kimoja bwenini. Ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Akishapata diploma angerudi kwao kuolewa, na alijua kabisa kwamba mpira ungeishia hapo. Kinshasa hakuwahi kuiona. Aliizungumzia Kinshasa kila siku alipokuwa akifunga kamba za viatu.

Mimi nikainua mkono. Nikamweleza Papa Bolaya habari za kukaba uwanja mzima, kwa Kifaransa kingi ili ajue nilikotoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile ya Kinshasa iko muzuri," alisema, "kwa timu yenye iko na bantu kumi na babili. Weye uko na saba. Na hii jua ya Kisangani, uliiweka mu hesabu?"

Wenzangu walicheka kidogo. Hakuwa amenitukana, mwanangu, lakini kicheko kile nilikibeba hadi siku ya mechi.

Siku ya mechi watu walijaa hadi kwenye madirisha ya mabweni. Kipindi cha kwanza tulicheza kama alivyopanga, na kila alichokisema kilitokea. Wasichana wa Bukavu walidunda mpira vizuri sana, wakafika mbele ya ukuta wetu, wakakosa njia, wakatupa kutoka mbali. Mpira ukagonga chuma, Feza akaukamata. Tulikwenda mapumziko tukiwaongoza kwa pointi sita.

Sasa angalia jinsi mtu anavyoweza kushinda na bado asiridhike. Sita ziliniumiza. Nilitaka ishirini. Nilitaka watu wa madirishani waone nilichojifunza. Wakati huohuo Papa Bolaya aliitwa kwenye meza ya waamuzi, kulikuwa na ubishi juu ya orodha ya wachezaji, akaenda. Tukabaki sisi peke yetu kwenye benchi, tunajimwagia maji. Nikawaita wasogee.

"Kocha anasema tukitoka hapa tunakaba uwanja yote," niliwaambia. "Kuanzia mpira ya kwanza."

Feza aliniangalia. "Ni yeye mwenyewe alisema?"

"Ni yeye."

Hakuuliza tena. Aliinuka, akapandisha soksi zake, akaingia uwanjani.

Sitakuficha: dakika tano za kwanza zilikuwa tamu. Bukavu walichanganyikiwa. Tuliwapokonya mpira mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pointi sita zikawa kumi na nne. Madirisha yalikuwa yanatetemeka kwa makofi. Papa Bolaya alirudi mbio kutoka mezani, akasimama kwenye mstari, akanipungia mkono turudi nyuma. Nilimwona. Nikageuza uso kana kwamba sikumwona.

Halafu jua likaanza kudai haki yake. Miguu ikawa mizito. Aliyechoka anachelewa, na anayechelewa anashika mkono wa mwenzake badala ya mpira. Feza, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kikapu, sasa alikuwa akikimbia uwanja mzima na kurudi, na filimbi zikaanza kumlilia: kosa la tatu, kosa la nne. La tano lingemtoa. Papa Bolaya akaomba muda.

"Nani alisema mukabe?" aliuliza.

Wasichana walitazamana. Machozi, mlinzi wetu mdogo kutoka Uvira, ndiye aliyejibu. "Furaha alisema ni weye, Papa."

Nilitegemea anifokee. Nilikuwa hata nimeandaa jibu. Yeye alisema tu, "Bon. Hii neno inabakia hapa. Turudie nyuma, babili mbele, batatu nyuma."

Lakini tulikuwa tumekwisha. Dakika mbili baadaye Feza alichelewa nusu hatua, na filimbi ikalia. Alitoka uwanjani akiwa ameinamisha kichwa, jasho linamdondoka kidevuni. Kuanzia hapo kila mpira uliogonga chuma uliwaangukia wao. Tulishindwa kwa pointi moja. Mpira wa mwisho waliukamata pale pale ambapo Feza angekuwa amesimama.

Mwenyekiti wa kamati ya michezo ya chuo alishuka kutoka jukwaani ndani ya abacost yake, ile suti ya wakubwa wa chama isiyo na tai, iliyofungwa hadi shingoni. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wakubwa wake safari ya Kinshasa. Mbele ya watu wote aliuliza ni nani aliyetoa amri ya kuvunja mpango uliokuwa unashinda.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Niliufungua mdomo, mwanangu, nakuapia niliufungua. Papa Bolaya akawa wa kwanza.

"Ni mimi," alisema.

Nami nikaufunga.

Asubuhi yake, mbele ya bendera, ilitangazwa kwamba citoyen Bolaya ameondolewa kwenye timu kwa uzembe. Kisha tukaimba. Niliimba na mimi, na kupiga makofi pia.

Siku nne nilikaa na jambo lile. Feza hakunigombeza. Aligeuza tu kitanda chake, akawa analala uso ukutani. Nilijiambia kwamba Papa Bolaya alichagua mwenyewe, kwamba ni mtu mzima, kwamba kusema sasa kungemfanya aonekane mwongo. Utashangaa jinsi akili ya mtu anayeogopa inavyofanya kazi kwa bidii.

Jumamosi nilivuka mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga. Nilimkuta Papa Bolaya shambani nyuma ya nyumba yake, anapalilia mihogo, suruali amekunja hadi magotini. Mke wake alinikaribisha kwa lituma ya moto, zile ndizi za kupondwa, na samaki, kana kwamba nimekuja kusalimia tu. Ukarimu ule ulinichoma kuliko tusi. Nikaanza kulia kabla sijamega hata tonge moja. Nilimwambia Papa Bolaya ahsante kwa kunifichia aibu.

Aliweka jembe chini, akaketi.

"Hapana, mutoto," alisema. "Sikukufichia. Ningesema pale mbele ya bantu yote kama capitaine wangu iko mubongo, anadanganya benzake, kesho nani angepokea pasi yako? Nilikuwa nalinda timu. Ile kazi yangu nilishamaliza. Yako ndio inabakia."

"Sasa nifanye nini, Papa?"

"Unajua. Ungekuwa haujui, haungelipa mutu wa mutumbwi."

Halafu akanisogezea sahani. "Kula kwanza. Neno kama hii haisemwe na njaa."

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti. Alinisikiliza huku akipanga karatasi zake, akaniambia kwamba jambo limekwisha tangazwa na haliwezi kutenguliwa kwa sababu ya kilio cha msichana. Nikamwomba basi niliseme mbele ya bendera, palepale lilipotangazwa. Akaniambia bendera si mahali pa mchezo, na nitoke.

Nilitoka. Nikaenda bwenini, nikachukua karatasi mbili za daftari, nikaandika kwa mwandiko mkubwa: kwamba amri ya kukaba niliitoa mimi, kwamba niliwadanganya wenzangu kuwa imetoka kwa kocha, kwamba alipojaribu kuturudisha nilijifanya sikumwona, na kwamba aliadhibiwa kwa kosa langu. Nikatia sahihi jina langu lote. Kisha nikaenda kubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na mkahawa, pale wanafunzi wote walipopita saa ya chakula. Nilisimama palepale pembeni ya ubao hadi foleni ikaisha, ili atakayetaka kuniuliza asinitafute. Wengine walicheka. Wengine walitema mate chini. Mwalimu mmoja mzee alisoma mara mbili, akavua kofia yake, akaenda zake.

Jioni chuo kizima kilijua, na kamati haikuweza tena kukaa kimya. Mimi nilifungiwa msimu mzima. Papa Bolaya alirudishwa baada ya majuma mawili. Safari hii hapakuwa na tangazo lolote mbele ya bendera, alirudi tu na chaki yake. Siku ya kwanza ya mazoezi aliniita niketi karibu naye kwenye benchi.

"Usiangalie mpira," aliniambia. "Mpira kila mutu anaiangalia. Uangalie bale benye hawana mpira."

Msimu ule sikugusa mpira, na ndio msimu niliojifunza ukocha, kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Niliona jinsi Machozi alivyosogeza mguu wake wa kushoto kabla hata mpinzani hajageuka. Niliona jinsi Feza alivyokuwa akikadiria mahali mpira utakapoangukia tangu unapotoka mikononi mwa mtupaji. Miaka mitatu nilicheza naye, chumba kimoja tulilala, na sikuwa nimemwona kamwe.

Timu zangu zimekwenda Kinshasa, na zaidi ya mara moja. Nasema hivyo bila kuona haya, maana tulifanyia kazi. Lakini Feza hakwenda. Hilo halikurudi, wala sitakudanganya kwamba kukiri kunarudisha kila kitu. Alimaliza masomo, tukamsindikiza hadi kwenye gari la kwenda Kindu, njia ya kwao Maniema. Kabla ya kupanda alinishika bega, na kwa mara ya kwanza tangu mechi ile alizungumza nami juu ya siku ile.

"Furaha," alisema, "ungesema ni weye mwenyewe unataka tukabe, ningekimbia vilevile. Ungesema tu."

Akapanda.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayeanza kuongoza wenzako. Mawazo yako ni mali, yalete mezani. Ukikataliwa, bishana na kocha wako uso kwa uso. Kocha mwenye akili atakuheshimu kwa hilo. Lakini ukitaka watu wakimbie kwa ajili yako, waombe kwa jina lako mwenyewe. Usiazime jina la mkubwa ili neno lako lipate uzito. Wenzako wakikupenda, neno lako linawatosha. Na kama haliwatoshi, bado hujawa kiongozi wao. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, sema mapema, tena sema palepale penye watu. Usingoje mwingine akubebee kisha uende kumshukuru nyuma ya nyumba.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja uwanjani. Mungu akupe miguu isiyochoka haraka na macho ya kuona wasio na mpira. Akujalie wenzako wa kukuamini, nawe akufanye mtu wa kuaminika. Na popote utakapoitwa kucheza, hapa au mbali, jina lako likitajwa liwape watu hamu ya kukupa pasi. Amina.