Kasuku wa Mama Pindo

Mama Pindo, fundi cherehani, hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, aliyeishi naye miaka kumi na mitatu akiiga mlio wa cherehani na hata kikohozi chake. Alipolazwa hospitali kutolewa uvimbe, alimwacha ndege kwa shoga yake msusi, ambaye saluni yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na duka la Mama Pindo.

Alirudi baada ya wiki tano. "Shoga, nimekuja kumchukua mwanangu."

Msusi hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akisuka. "Mwana yupi? Si ulinipa mwenyewe? Wateja wanampenda." Wasaidizi wake wawili wakaitikia kama kwaya.

Mama Pindo akatazama tunduni. Ndege alikuwa amejinyonyoa kifua kizima, ngozi nje kama kuku aliyenyonyolewa. Machozi yakamlengalenga, akayameza.

"Haya," akasema. "Basi nisuke na mimi."

Tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi alikuwa mteja wa kwanza, kabla wasaidizi hawajafika, kiti cha karibu na tundu. Msusi akitoka kuchota maji, yeye humwinamia kasuku na kuiga sauti ya mwenye saluni, ile nyembamba ya puani: "Kichwa hiki kina chawa! Msimwambie!" Kisha karanga moja. Miezi miwili mizima. Hasira aliitunza kama kaa la moto chini ya majivu.

Jumamosi moja, saluni imejaa bibi harusi na shangazi zake, kasuku akapaza sauti ile ile ya msusi: "Kichwa hiki kina chawa! Msimwambie!"

"Kumbe ndivyo mnavyotuteta!" shangazi mmoja akafoka. Bibi harusi akatoka kichwa kimesukwa nusu.

Maneno hayana breki; wateja wakaanza kuikimbia saluni. Wiki ya tatu msusi akaja na tundu mkononi. "Dada, mchukue ndege wako."

"Wangu? Si nilikupa?"

"Nilikudhulumu."

"Paza sauti, barabara nzima isikie."

Akapaza. Mama Pindo akapokea tundu, akamfungia mlango usoni.

Mwaka haukuisha, saluni ikafungwa. Msusi alipokuwa akipakia vioo kwenye mkokoteni, kimoja kilimponyoka kikapasuka. Wapita njia wakakimbilia kumwokotea vipande. Mama Pindo alisimama mlangoni, mkasi mkononi, raha ikimwingia hadi kwenye mifupa. Kisha akarudi kitini kumalizia sare za shule.