Hotuba Tamu Niliyoisoma Harusini Donholm

Jirani zangu wa Donholm waliniita mwandishi kabla sijachapisha hata ukurasa mmoja, nami sikuwasahihisha. Kwa hiyo Mzee Mutua, dereva wa lori, aliponiomba niseme neno kwenye harusi ya bintiye Mwende, niliona haya kusema maneno ya kawaida. Nikafungua tamthilia ya Kiingereza cha kale niliyoinunua mtaani, kurasa zake za maelezo zikiwa zimechanwa. Humo bwana mmoja alimsifu mgeni wake mezani. Nusu ya maneno sikuyaelewa, lakini yalitiririka kama mvua juu ya mabati, nikaamini kinachoimba hivyo hakiwezi kuwa na ubaya.

Jumamosi iliyopita niliisoma hotuba ya bwana huyo, mkono kifuani, mbele ya kamera ya kaseti. Watu walishangilia, maharusi wakakata keki.

"Sasa mwandishi, mtafsirie nyanya," akasema mshereheshaji, akimwonyesha nyanya yake Mwende asiyejua Kiingereza.

"Anawatakia maisha marefu," nikabuni.

Kanini, mdogo wake Mwende aliye kidato cha nne, akainua mkono kama yuko darasani. "Anko, si hicho ndicho kitabu tunasoma shule? Huyo bwana anamsifu mgeni na ashamtilia sumu kwenye chakula!"

Mwende alikuwa amefungua mdomo, mumewe akimlisha kipande cha kwanza. Akaufunga.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nyanya ndiye aliyeniuliza, tena kwa upole:

"Na hii keki, mjukuu wangu, tuile ama tungoje?"