Wa Pili Aliyeitwa wa Tatu

Kwetu Wakonzo mtoto hachaguliwi jina, anazaliwa nalo. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana nao wana orodha yao. Nitajie jina lako pale stendi ya Kasese, nami nitajua umetanguliwa na kaka wangapi kabla hatujamaliza kusalimiana. Mtoto akifa anakwenda na nafasi yake, anayemfuata hasogei mbele. Majina yenyewe sitayaandika hapa, yameandikwa vya kutosha mahali pasipostahili. Nitasema wa pili na wa tatu, kwa kuwa ndiyo maana yake.

Wa pili ndiye mliyemshangilia. Nyinyi mnamjua kwa jina la wa tatu. Mimi ni dada yao mkubwa, na kadi niliiba mimi.

Tulikulia Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Baba alilima kahawa, mama aliuza maharage ya Kyarumba sokoni Mpondwe kila Jumanne na Ijumaa. Kaka yetu wa kwanza aliondoka mapema kwenda Kilembe na hana neno katika habari hii. Wa tatu alikufa kwa homa akiwa na miaka sita. Mama alikataa azikwe mbali, akataka awe nyuma ya jikoni, penye migomba, mahali ambapo angemwona kila anapoosha sufuria. Wa pili alikuwa na miaka tisa. Wiki ile yote hakugusa mpira wa majani ya mgomba waliokuwa wakiupiga pamoja ukutani. Kisha akaanza kuupiga peke yake, na hakuacha tena.

Alikuwa hodari, wala sisemi hivyo kwa kuwa ni ndugu yangu. Ndugu yangu alikuwa pia mlafi na mvivu wa jembe, hayo nayasema vilevile. Vijana wa Munkunyu walimkaba wawili wawili na bado aliwapita. Wakongo walivuka daraja kuja kumtazama, wakarudi kwao wakibishana juu yake.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuja kocha kutoka Kampala, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita afande. Alimtazama kipindi kimoja tu, akamwita pembeni, nami nikasogea kusikiliza.

"Wewe iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa, afande."

"Hapana. Mimi nataka ya chini ya kumi na saba. Kesho asubuhi leta karatasi. Karatasi hakuna, wewe baki hapa na ng'ombe."

Hatukuwa na ng'ombe. Tulikuwa na sanduku la bati la mama, chini ya kitanda, na ndani yake kadi za ubatizo za watoto wake wote. Ya marehemu ilikuwa peke yake, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mama alikuwa sokoni. Wa pili alikaa mlangoni akitazama nje. Hakuniambia chukua, hakuniambia acha. Nikafungua kitambaa. Nilijiambia kwamba karatasi haimsaidii kitu mtu aliyekufa, na kwamba angekuwa hai angempa kaka yake mwenyewe. Nilikuwa mwerevu sana siku hizo.

Afande aliisoma, akasema, "Sasa iko sawa," akamchukua.

Sikufikiria redio. Mwaka wa kwanza kulikuwa kimya. Mwaka wa pili akaanza kufunga mabao, na Jumamosi moja tulikuwa tunachambua maharage uani, redio iko kwenye dirisha la jikoni, mtangazaji akaanza kulipaza jina la wa tatu, mara tatu, mara nne, na uwanja mzima ukimsaidia. Mama aliinua kichwa. Akaitazama redio, kisha akatazama migomba. Aliinuka, akafuta mikono, akaizima.

"Mtoto wangu amelala pale," akaniambia kwa Kikonzo. "Nani anamwamsha?"

Nikamweleza yote. Hakunipiga wala hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga. Aliingia chumbani, akafungua sanduku, akakitoa kile kitambaa kitupu, akakikunja upya na kukirudisha.

Wa pili alipokuja kusalimia, alichuchumaa mbele ya mama akamwomba msamaha, kisha akamwomba aje Kampala kumwona akicheza. Mama akamjibu polepole, "Siku utakayocheza kwa jina lako nitakuja." Na hapo ndipo tulipokwama, maana kila karatasi aliyokuwa nayo ilitokana na kadi ile: leseni, pasipoti, mkataba wa timu ya nje, hadi cheti cha ndoa. Akikiri, anafungiwa kucheza. Kwa hiyo akasema, mwakani. Aliisema hiyo mwakani kwa miaka kumi na mitatu.

Bwera nzima ilijua, na ilinyamaza, kwa kuwa sifa zile zilikuwa zetu sote. Walikuwepo walionong'ona kwamba alimla mdogo wake ili apate miguu, na hao hao ndio waliojazana kwenye vibanda vya video kumpigia makofi. Mmoja wao nilimmwagia chai kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa, na mpaka leo dhambi hiyo sijaiungama.

Kila baada ya mechi alinipigia simu na swali moja. "Mama alisikiliza?"

"Alisikiliza," nilimjibu, na mama yuko shambani, makusudi, mbali na redio ya mtu yeyote.

Kisha goti likaharibika. Walimpasua mara mbili, timu ikamshukuru kwa barua, akarudi nyumbani akivuta mguu. Alikuwa na miaka thelathini na minne kwa hesabu ya mama, thelathini na mmoja kwa hesabu ya magazeti. Watu wakaandaa mechi ya kumuaga kwenye uwanja wa shule. Mechi kama hiyo haidai karatasi. Alikwenda mwenyewe kwa katekista wetu, mwenye kipaza sauti, akamsihi amtaje kwa jina la wa pili. Akaomba jezi namba mbili, ya beki, naye mshambuliaji mzima, watu wakacheka. Halafu akaja kwa mama.

"Jumapili nacheza kwa jina langu."

Mama alifua kitenge chake kizuri siku hiyo hiyo.

Alikuja. Alikaa kwenye benchi lililotolewa darasani, pamoja na rafiki yake wa sokoni, mama mmoja wa Butembo anayeuza vitenge. Katekista alitimiza ahadi. Alilitaja jina la wa pili, taratibu. Watu wakatazamana.

"Uyo ni nani?" mama wa Butembo akauliza. "Miye nilikuya kuona ule mutoto wa ku redio."

"Ni ule pale," mama akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Iko yangu, ya pili."

Sijawahi kumwona mama amekaa wima namna ile. Kwa nusu saa alimtazama mwanawe akichechemea na kupoteza mipira, na kila alipopoteza mmoja ndugu yangu aligeuka kutazama benchi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga. Nilidhani tumepona.

Halafu wakamwangusha ndani ya boksi. Penalti. Alipoinama kuweka mpira, uwanja ukamkumbuka yule unayemjua. Walianza wachache upande wa barabara, wakafuata wote, wakiliimba jina la wa tatu kwa makofi kama walivyozoea. Katekista naye, Mungu amsamehe, akajisahau akaliimba kwenye kipaza sauti.

Mama alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akaondoka. Nilimshika mkono, akautoa bila nguvu.

Wa pili hakuona. Alipiga, mpira ukaingia, akageukia benchi na mikono juu. Nilikuwa nimesimama peke yangu. Nilimwona akiishusha mikono, mmoja baada ya mwingine.

Hakungoja mapumziko. Tulitembea hadi nyumbani, yeye na viatu vyake vya njumu, na nyuma yetu bado walikuwa wanaimba. Mama tulimkuta nyuma ya jikoni, ameketi chini kando ya kaburi, anang'oa magugu, kitenge kimejaa udongo.

"Wamemwita sana leo," akasema bila kugeuka. "Nimekuja kukaa naye asitoke."

Nilitaka kusema kwamba kosa ni langu. Nimeshalisema mara nyingi na halijamsaidia mtu. Ndugu yangu akaketi upande wa pili wa kaburi, mguu mbovu ameunyoosha. Mama akamtazama, na akamwita kwa jina lake, lile alilozaliwa nalo.

"Ulifunga?"

"Nilifunga, mama."

"Mimi sikuona," akasema, na akasogea kidogo ili naye apate pa kung'oa.