Supu ya Profesa Pocklington

Josiah Thwaite hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchelewesha kuoa. Mtu mbaya angekaa tu na kusubiri mzee Pocklington afe. Josiah alimwombea uzima kila jioni, akamnunulia skafu ya sufu, akamzibia nyufa za madirisha zisipitishe upepo, na matokeo yake mzee akanenepa.

Alizaliwa Cumberland, kaskazini mwa Uingereza, kwenye mvua na kondoo, mtoto wa mtengeneza mishumaa aliyeamini kwamba uongo mdogo na uongo mkubwa ni uongo ule ule. Kasisi wa parokia aligundua kwamba kijana yule anakokotoa hesabu kichwani wakati wengine bado wanatafuta chaki, akahangaika mpaka akampatia nafasi Cambridge. Huko wenzake walipiga makasia mtoni na kulewa. Josiah alifunga mlango akapambana na milinganyo yake. Katika mtihani wa mwisho wa hesabu alitoka wa nne kwa chuo kikuu kizima. Baba yake alipopata habari aliuliza wale watatu wa mbele walikuwa na nini ambacho Josiah hakuwa nacho.

Chuo cha Mtakatifu Osyth, hapo hapo Cambridge, kilimpa uhadhiri, vyumba viwili juu ya ua, na mahali pa kula kwenye meza ya wakubwa. Kwa masharti, bila shaka. Mhadhiri haoi. Siku anayooa ndiyo siku anayokabidhi funguo. Ni profesa peke yake aliyeruhusiwa kuwa na mke, kana kwamba mapenzi ni jambo linalohitaji cheo. Josiah alitia saini bila kusita, maana wakati huo alikuwa hajaingia duka la vitabu la mzee Garrod.

Alipoingia, alipanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa, akasimama pale akisoma kitabu asichokuwa na nia ya kukinunua. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu, Lavinia, binti wa mwenye duka, alikuja kimya kimya akaivuta ngazi, naye Josiah akabaki amening'inia kwenye rafu na joho lake kama nguo iliyoanikwa.

"Unanunua," Lavinia aliuliza kutoka chini, "au unahamia?"

Alinunua. Miezi michache baadaye walichumbiana kwa siri, na hapo ndipo Josiah alipoanza kusikiliza kikohozi cha Profesa Pocklington.

Erasmus Pocklington alikuwa profesa wa hesabu tangu Josiah hajazaliwa. Alikaa mwenyewe upande wa pili wa ua, hana mke wala mtoto wala paka, na kila msimu wa baridi, ukungu wa mabwawa ulipoingia mjini, alikohoa mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye paa. Chuo kizima kilikubaliana kwamba mrithi wake ni Thwaite. Kilichobaki ni mzee kuondoka, na mzee hakuwa na habari ya kujiuzulu.

Sasa Josiah akafanya jambo la aibu. Alichukua majedwali ya vifo yanayotumiwa na kampuni za bima, akatafuta mstari wa mtu wa umri wa Pocklington, akatoa kidogo kwa ajili ya kikohozi. Jibu lilikuwa miaka minne, pengine mitatu. Akalipeleka dukani kwa furaha, kama mtu aliyeleta maua.

Lavinia hakufurahi. Alimwuliza kama huko kwao Cumberland ni kawaida kuhesabu uhai wa jirani kama mishumaa iliyobaki kwenye kasha. Josiah akasikia sauti ya baba yake ndani ya maneno hayo, akawa mwekundu hadi masikioni. Kumpigia mtu hesabu ya kufa ni dhambi hata hesabu ikiwa sahihi, na hii, kama itakavyoonekana, haikuwa sahihi.

Kama kitubio, walianza kumpelekea mzee supu. Lavinia alipika: ya kondoo na shayiri siku za kawaida, ya samaki mkunga wa mabwawani siku za Ijumaa. Josiah aliibeba chini ya joho, katika chungu chenye mfuniko, akivuka ua kwa mwendo wa mtu anayeficha mtoto. Bi. Tabb, mjane aliyefagia vyumba vya pande zote mbili, alimwambia usoni kwamba katika miaka yake yote chuoni ameona wahadhiri wakibebwa kwa ulevi, ila hajamwona aliyenukia vitunguu kama yeye.

Miaka minne ikapita. Kikohozi kikaisha. Mashavu ya Pocklington yakapata rangi, na msimu wa baridi uliofuata akatoa sandukuni viatu vyake vya kutelezea barafuni, ambavyo hakuwa amevivaa tangu ujana, akaenda mabwawani kuteleza pamoja na wavulana wa mjini.

"Machi natimiza miaka thelathini na mbili," Lavinia alimwambia mchumba wake. "Mzee wako anazidi kupendeza kuliko mimi."

Josiah aliuliza, kwa sauti ndogo sana, kama pengine wangeweza kupunguza supu. Lavinia akamwambia kwamba kabla ya kuanza walikuwa na uhuru wa kutopika, lakini sasa wakiacha na mzee akafa, watakuwa wamemuua. Walikuwa wamejifunga wenyewe. Akamkabidhi chungu.

Kwa kuwa hakuweza kuoa, Josiah aliandika. Maandishi yaliyompa jina yalitokana na fadhaa ile: alithibitisha, kwa kurasa nyingi za alama, kwamba majedwali ya vifo yanadanganya kuhusu wazee kwa sababu yanawahesabu bila kuuliza nani anawalisha. Yalisomwa London mbele ya wataalamu, nao wakayasifu. Pocklington naye aliyasoma, kijiko mkononi.

"Kwa majedwali ya zamani mimi ni maiti tangu mwaka juzi," alisema. "Kazi nzuri, Thwaite. Mwambie anayepika aongeze shayiri."

Januari moja, Pocklington akiwa amepita sabini na tano, Josiah alimfuata mabwawani, maana Bi. Tabb alikuwa amesema barafu ya siku ile haiaminiki. Wengine walikuwa wameshatoka kwenda kunywa bia ya moto kando ya tuta. Mzee alikuwa mbali kwenye ukungu, mikono nyuma, anateleza kama kijana anayetazamwa na wasichana. Barafu ikatoa mlio. Alizama hadi kwapani, akabaki ameshika ukingo kwa viwiko.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kuona. Josiah alisimama.

Hakusimama muda mrefu, labda kiasi cha kuvuta pumzi na kuitoa. Lakini ndani ya pumzi ile aliona nyumba yenye mapazia meupe, na Lavinia akifungua mlango. Kisha akajitupa kifudifudi juu ya barafu, akatambaa, akafungua shingoni skafu aliyomnunulia mzee, ambayo mzee alikuwa amemwachia amshikie kabla ya kuanza kuteleza, akairusha. Mzee akaidaka. Josiah akavuta mpaka vifungo vya koti lake vikakatika.

Jioni waliketi mbele ya moto, Pocklington amefungwa mablanketi hadi kidevuni.

"Ulikawia," mzee alisema.

"Nilikawia, Profesa."

"Kwa sababu ya binti wa duka la vitabu."

Josiah alitamani kukana, lakini mtoto wa yule mtengeneza mishumaa hakuwa na ulimi wa kazi hiyo. Akakiri kwamba ndiyo, na kwamba anaitwa Lavinia.

"Ulikawia kidogo tu. Mimi ningekawia zaidi." Mzee alisogeza miguu karibu na moto. "Nafasi hii niliisubiri miaka tisa, na aliyekuwa nayo sikumpelekea hata kikombe cha chai. Unadhani sikujua? Hakuna anayebeba supu ya mkunga gizani kwa mapenzi ya hesabu."

Basi Josiah akauliza kilichokuwa kikimkaba: kama alijua muda wote huo, kwa nini hakujiuzulu? Pocklington aligeuza uso kwenye moto.

"Nikishajiuzulu," alisema, "nani atapanda tena ngazi hizi kuja kuniona?"

Mlango ulifunguliwa. Lavinia alikuwa amesikia habari ya barafu kutoka kwa Bi. Tabb, na kwa mara ya kwanza alileta chungu mwenyewe. Alikiweka mezani, lakini hakuondoa mkono juu ya mfuniko. Alikuwa amesikia swali la mwisho pia.

"Profesa, supu hii inahama," alisema. "Baada ya Pasaka italiwa nyumbani kwangu kila Jumapili, kwenye meza yenye viti vitatu. Ila nyumba hiyo sitaipata mpaka ujiuzulu."

"Na nikikataa?"

"Nitaendelea kuileta hapa. Sisi hatuui watu. Lakini italetwa bila chumvi, mpaka siku yako ya mwisho."

"Huo ni ujeuri, binti."

"Ni hesabu tu, Profesa."

Mzee alicheka mpaka kikohozi cha zamani kikamrudia. Alijiuzulu mwezi huo huo. Wawili kati ya wakubwa wa chuo waliompigia kura profesa mpya walinung'unika kwamba baba wa Thwaite anatengeneza mishumaa, lakini yale maandishi ya majedwali yaliwanyamazisha. Josiah na Lavinia walifunga ndoa wiki ya kwanza baada ya Pasaka, na Pocklington akawapa zawadi ya viatu vyake vya barafuni, akisema vimeshamaliza kazi.

Kiti cha tatu kilikaliwa miaka kumi na mitano. Mzee alilalamikia shayiri, akawafundisha watoto wa nyumba ile kudanganya katika karata, jambo ambalo Josiah alilipinga kwa nguvu na bila mafanikio, na akafa usingizini Jumatatu moja, baada ya kumaliza mlo wa Jumapili wote. Josiah alilia kama mtu aliyefiwa na baba.

Yeye mwenyewe alifundisha mpaka nywele zikaisha. Alikuwa mkali, hakumpitisha mvivu hata mmoja, hata mtoto wa bwana mkubwa. Kisha msimu mmoja wa baridi alipata kikohozi, na jioni ya pili mhadhiri mmoja kijana aligonga mlango, joho limevimba upande mmoja, ananukia vitunguu.

Josiah alifunua chungu, akaonja, akaweka kijiko chini.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Kijana aliwaka uso mzima, akasema anaitwa Adelaide.

Profesa Thwaite alijiuzulu kabla ya Pasaka. Alimweleza Lavinia kwamba ni suala la haki, maana anayejua kusubiri kunavyouma hana ruhusa ya kumsubirisha mwingine. Zaidi ya hapo, ile supu ilikuwa na chumvi kupita kiasi, na yeye hakuwa tayari kuinywa miaka kumi.