Watoto Wangu Wanne Mbele ya Daktari

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikakamua mawese kijijini Minago, nikalea wadogo zangu wanne. Nikiulizwa, husema ni watoto wangu.

Sasa nina miaka arobaini na sita, na mimi na mke wangu Zaina hatujapata mtoto. Tukaenda kwa daktari mjini Rumonge.

"Papa, uko na watoto wangapi?"

"Wane!" nikajibu kwa mazoea, kifua mbele. Zaina akanikanyaga mguu. Sikuelewa.

"Basi mapumbu yalifanya kazi. Sasa yamechoka kwa umri, mbegu zimepungua. Vipimo vya nini? Mukubwa iko na miaka ngapi?"

"Arobaini."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ulimuzaa ukiwa na miaka sita?"

"Ni wadogo zake, dokta," Zaina akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mumupime!"