Sindano Niliyoianika Juani

Nikiosha kikombe, nakiosha mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu ni kichafu, mara ya pili kwa sababu sijaamini, na mara ya tatu kwa sababu nikikiacha nitakiwaza njia nzima. Nyumbani walishanizoea. Kwenye gereji ya mjomba, kaka yake mama, tabia hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ya kuosha vyuma.

Gereji ipo Singida mjini. Tunatengeneza injini za dizeli, zile zinazozungusha mashine za kusaga na za kukamua alizeti vijijini. Injini ikifika tunaifungua yote, kila kipande kinaoshwa, ndipo mjomba anaanza kutafuta ugonjwa. Miaka yote tuliosha kwa petroli kwenye karai. Petroli inakata grisi upesi na kukauka yenyewe. Ila ilikuwa inamla mjomba mikono. Ngozi ya vidole ilipasuka mpaka nyama ikaonekana, ngumi haikufumba, na ugali alikuwa anakula kwa kijiko, jambo lililomtia aibu mbele ya wageni. Zahanati walimwambia aachane na petroli. Glavu hakuzitaka. Alisema fundi asiyegusa chuma ni sawa na mpishi asiyeonja.

Mimi kemia nilifeli vibaya sana kidato cha nne. Yote ninayojua leo nimejifunza mwenyewe kwenye simu, nikisoma ukurasa mmoja hata mara kumi na kuandika kwenye daftari. Huko ndiko nilikosoma kwamba mafuta ya mimea yanaweza kugeuzwa kuwa kimiminika chepesi kinachoyeyusha grisi, kisichonuka kama petroli wala kuwaka haraka kama petroli. Nikajiuliza, kama ni mafuta ya mimea, wa kuyakosa Singida ni nani? Chini ya kila pipa la alizeti hubaki mashapo ambayo hayauziki. Nikayaomba, nikayachuja. Methanoli, spiriti inayohitajika kuyageuza, niliagiza Dodoma ikaja kwa basi, na kostiki ni ileile ya watengeneza sabuni. Miezi minne niliharibu kila nilichokipika nyuma ya gereji, nimejifunga kitambaa usoni, nina glavu za mpira, nimesimama mahali upepo unapopita. Mwezi wa tano nikapata kitu cha rangi ya chai nyepesi. Nikatumbukiza pistoni yenye masizi. Nilipoitoa niliweza kusoma namba zilizochongwa kichwani.

Tuliiita dawa. Uzuri wake mwingine ni kwamba haimwagwi. Ikichafuka unaiacha itulie siku mbili, tope linakaa chini, unaichuja kwa kitambaa kizito na kuirudisha kazini. Dumu moja lilitosha kuosha injini saba. Na kufikia injini ya nne vidonda vya mjomba vilianza kufunga. Siku moja nilimkuta anakula ugali kwa mkono, amegeukia ukutani kama anaiba. Niliingia stoo nikalia kidogo.

Naeleza hayo ili ieleweke kwa nini nilinyamaza baadaye. Sisemi kwamba ni sababu ya kutosha.

Injini ya nane ilitoka kijiji cha Mungaa, kwenye mashine ya kukamua alizeti ya mama mmoja mjane. Aliileta mwendesha mashine wake, mtu mzima mwenye masharubu na maneno mengi. Alisimama karibu na karai langu akanusa.

"Dada, hii injini unaiosha au unaikaanga?"

"Naiosha."

"Basi ikiiva niitie. Nimekuja na chumvi."

Mjomba alicheka mpaka akaweka spana chini. Mimi nilicheka pia, ila nilikasirika kidogo, kwa hiyo nikaosha kwa bidii kupita kiasi. Ndani ya injini ya dizeli kuna nozeli, na ndani ya nozeli kuna sindano ya chuma inayopanda na kushuka kupulizia mafuta. Sindano hiyo inaenea kwenye tundu lake kiasi kwamba hata unywele haupiti pembeni. Niliiosha mara tatu. Lakini dawa haikauki kama petroli, na kila nikiishika sindano naiona ina unyevunyevu. Injini zilizotangulia nilifuta tu, ila safari hii unyevunyevu ule ulinikera. Nikafanya tunachofanya huku kwa kila kitu tunachotaka kikauke vizuri, iwe alizeti, mtama au mboga: niliianika. Nilitandaza vipande vyote juu ya bati na kuviacha juani siku mbili, nikivigeuza.

Mafuta ya alizeti yakibaki utando mwembamba na kupigwa na jua hayakauki. Yanageuka gundi. Kila mwanamke aliyewahi kusugua kikaango kwa nje anaijua ile gundi ya rangi ya asali isiyotoka. Mimi ninaijua. Sikuikumbuka.

Injini ilirudi Mungaa, ikafanya kazi siku moja, ikaanza kutoa moshi mweusi, ikazima. Ilikuwa katikati ya msimu na magunia ya watu yamepangwa nje. Mama mwenyewe alikuja na nozeli ameifunga kwenye kitambaa.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mjomba wako yuko wapi? Mashine imenitia aibu."

Mjomba akaifungua. Sindano iling'ang'ania, akaitoa kwa koleo. Akaiangalia, akaguna. "Hii ni dizeli chafu. Imechanganywa. Anayekununulia mafuta ni nani?"

"Ni yeye huyohuyo anayeiendesha."

"Basi muulize vizuri."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mjomba. Niliona ile rangi ya asali kwenye sindano. Nilijua. Nilikuwa namtazama mjomba kidole gumba, kile kilichokuwa kimepona na kuota ngozi mpya ya pinki. Nikisema, dawa inamwagwa leo. Nikasema tu, "Leteni niioshe."

Na nikaiosha. Kwa petroli, kwa siri, nyuma ya stoo, kwa sababu nilitaka safari hii isiharibike. Nikaifuta, nikaijaribu, ikateleza vizuri kabisa. Mama akaondoka nayo, akamwaga dizeli yote ya kwenye tenki, akanunua nyingine. Mashine ikawaka na haikuzima tena.

Siku mbili baadaye akapiga simu. Mjomba aliweka spika maana mikono yake ilikuwa na grisi.

"Ulisema kweli fundi. Tangu nimemwondoa yule bwana na kununua mafuta mwenyewe, inanguruma kama mpya. Kumbe alikuwa anauza dizeli yangu na kujazia mafuta ya taa! Nimemwambia mbele ya watu wote."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani nimerekebisha kosa langu kimyakimya. Kumbe kule kulirekebisha kimyakimya ndiko kulikomtia hatiani. Dizeli imebadilishwa, mtu ameondolewa, mashine imepona. Nani angehitaji ushahidi zaidi? Na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba dizeli yake haikuwa na kosa lolote.

Nitakiri na hili: kwa saa kadhaa nilijaribu kukubaliana nalo. Nilijiambia yule bwana ni mjanja, mcheshi, hatakosa kazi. Nilijiambia huenda kweli alikuwa anaiba. Niliosha kreti nzima ya boliti ambazo hazikuwa na haja ya kuoshwa. Asubuhi, kabla mjomba hajafungua kufuli la pili, nikamwambia yote.

Alibaki ameshika ufunguo. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mama alipoleta nozeli."

"Mimi nikiwa namwambia mafuta machafu, wewe unajua?"

"Ndiyo, mjomba."

Nilitegemea anigombeze kwa Kinyaturu, anavyofanya akikasirika sana. Hakunigombeza. Alirudisha ufunguo mfukoni na kusema, "Panda pikipiki."

Mungaa tulikuta mashine inafanya kazi, na watu kumi na kitu wamekaa juu ya magunia yao wakisubiri zamu. Mjomba aliomba radhi kwanza, yeye, mtu mzima, kwa kutoa hukumu bila kuuliza. Kisha nikaongea mimi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kilemba, akakifunga upya, akatuma mtu amwite yule bwana shambani kwake.

Alikuja na jembe begani. Mama alipoanza kumweleza kando, alimkatisha.

"Zima mashine kwanza."

"Watu wanasubiri..."

"Hao hao. Waliosikia mimi ni mwizi ni hawa. Zima wasikie."

Mashine ikazimwa. Watu wote walinigeukia, na nikaanza na maneno yaliyonijia kwanza. "Shikamooni. Kuna tatizo lilitokea wakati wa kuosha nozeli..."

"Lilitokea lenyewe?" akauliza yule bwana.

"Hapana."

"Haya."

"Nililisababisha mimi. Niliosha kwa dawa niliyoitengeneza mwenyewe kwa mafuta ya alizeti, nikaianika juani, dawa ikaganda. Dizeli ilikuwa nzuri. Mama alipoleta nozeli nilijua, nikanyamaza. Huyu baba hakuiba kitu."

Bibi mmoja aliyekaa kwenye gunia la mbele akauliza, "Yaani alizeti yetu wenyewe ndiyo iliyoziba mashine ya alizeti?"

"Ndiyo, bibi."

"Makubwa," akasema, na watu wakacheka. Yule bwana hakucheka. Alimgeukia mama mwenye mashine na kusubiri. Mama akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba alimsingizia na anaomba msamaha, na kazi yake ipo.

"Nimesikia," akajibu. Akaweka jembe begani akarudi shambani. Mashine ikawashwa na mtu mwingine.

Tulipokaribia mjini mjomba akasema kwa nguvu ili nimsikie kwenye upepo, "Dawa usiimwage. Lakini nozeli na pampu zinarudi kwenye petroli, na nitaosha mimi."

Ilikuwa adhabu yangu, ingawa sidhani aliikusudia iwe hivyo. Wiki tano nilimtazama akitumbukiza vidole vile kwenye petroli. Ufa ulirudi kwanza kwenye kidole gumba. Nilichukua nozeli mbovu tatu, nikazijaribu moja moja: naosha kwa dawa, nafuta papo hapo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nasuuza kwa maji ya moto yenye sabuni, nakausha kwa upepo wa kompresa na kupaka oili ya mashine. Juani sianiki kitu. Niliziacha wiki mbili na kila siku nilijaribu sindano zake. Zote tatu ziliteleza. Nikamwonyesha mjomba, akazijaribu, akaniambia nisubiri tena wiki mbili. Nikasubiri.

Sasa naosha kila kitu, na nikimaliza namwambia ni wapi sina uhakika. Ni vigumu kwangu kuliko kuosha. Bado naosha mara tatu, ila nimegundua mara ile ya tatu mara nyingi ni woga tu.

Yule bwana alirudi kwenye mashine siku ya nne baada ya sisi kwenda Mungaa. Nilijua kwa sababu alipiga simu gereji kuulizia mkanda wa injini, na aliyepokea ni mimi. Nilimwamkia. Aliitikia vizuri. Nikamuuliza habari za kazi, akasema salama. Nikaanza kusema jambo, nafikiri nilitaka kuomba msamaha tena, safari hii bila watu.

"Dada," akasema, "nipe mjomba wako."

Nikampa.